Finje kwa Herufi

Skia yakhe. Herufi moja, finje, shilingi hamsini. Hiyo ndiyo bei tuliyopewa na fundi wa mabango, brashi nyuma ya sikio, anaupima ukuta kwa jicho moja. Binamu yangu alikuwa anafungua kibanda cha viazi karai pale Kibokoni, Mombasa, chini ya dirisha la bibi yetu, na alitaka bango la ukweli. Si karatasi ya kuprinti iliyobandikwa kwa selotepu. Karatasi ni aibu. Mvua moja tu, wino wote umehamia Likoni. Yeye alitaka mkono wa mtu, rangi ya mafuta, herufi nene zenye kivuli chekundu. Alitaka luku.

Akatoa karatasi mfukoni. Ameandika usiku kucha: HAPA TUNAUZA VIAZI KARAI VITAMU SANA KARIBUNI WATEJA WOTE.

Fundi akahesabu kwa kidole. Herufi 49. Mara finje, 2,450. Binamu akaniangalia mimi, mimi nikaangalia paka. Hizo doo zilikuwa za mafuta na viazi.

Tukaanza kukata. HAPA, toka: bango limepigwa hapa, litasema pale? SANA, toka: ulimi wa mteja utaamua. WATEJA WOTE, toka: nani mwingine anakaribishwa, askari wa kaunti? KARIBUNI tukainyoa mkia ikabaki KARIBU, soo, shilingi mia, ikarudi mfukoni. Halafu tukakwama kwa TUNAUZA. Binamu hataki iguswe. Anasema bango bila kitenzi ni kama mtu kasimama mlangoni na hasemi kilichomleta.

Dirisha la juu likafunguka.

"Mwafanyani hapo?"

Shikamoo kwanza, kisha tukamweleza.

"Si muandike twauza? Mwalipia herufi za nini?"

Dirisha likafungwa.

TUNAUZA ni 7. TWAUZA ni 6. Finje imeokolewa na Bibi, ambaye hajawahi kununua bango maishani mwake. Na tangu siku ile kila ukuta wa kisiwa hiki naupitia nikihesabu. Nimekuwa mgonjwa. Naomba nikuambukize.

Shuleni tuliiita hali isiyodhihirika. Unakumbuka? Kiambishi A, mwalimu anagonga ubao, sisi tunakariri sababu ya KCPE. Mtoto wa bara alitoka pale akijua ni kitu cha mtihani, ukimaliza karatasi unakiacha kwa dawati. Sisi tulirudi nyumbani tukakikuta jikoni. Waenda wapi. Wataka nini. Mvua yanyesha. Maji yachemka. Kiatu chauma. Kwa Kimvita hakuna anayekaa kungoja NA ifike katikati ya neno. TU ikikutana na A inakuwa TWA, KI inakuwa CHA, I inakuwa YA, twende kazi.

Sasa nunua Taifa Leo, ama isome bure begani mwa mtu kwa feri kama kawaida yako. Gazeti la kila siku tangu 1960. Cheki vichwa vya habari vinavyotembea. Mahakama yaamuru. Serikali yakana. Wanafunzi wagoma. Kisha teremka mpaka Dondoo, ile kona ya udaku ambayo kila mtu anasema hasomi na kila mtu anaijua kwa moyo. Polo atoroka. Kidosho azua rabsha. Kalameni ajuta. Nionyeshe makanga mmoja wa Githurai anayesema "dere aingia". Hayuko. Atakuambia dere anaingia, dere ashaingia, dere ndo huyo anakam. Kwa hivyo mhariri aliyekaa Nairobi, akitaka kuibana habari iingie kwa safu, anajifunga leso ya bibi yangu. Pengine hajui. Namjulisha leo.

Hebu sogea uangalie ATOROKA kwa karibu. Mna A ya yeye, mna A ya wakati. Zimekutana, moja imeimeza nyingine. Herufi moja inabeba nani na lini. Lakini lini gani? Jana? Sasa hivi? Kila Ijumaa? Neno halisemi, na halina haja ya kusema, maana tarehe imechapishwa juu ya ukurasa. Ni kama ukuta wa Kibokoni unavyosema HAPA bila kudai soo mbili zake.

Hapo ndipo penye mchezo wote wa lugha fupi, mwanangu. Kitu kilichobeba maneno kinasema nusu yake. Nenda steji ya Posta jioni. Injini inanguruma, makanga ananing'inia mlangoni, anapasua hewa: Lights finje! Lights, Lights, Lights! Kitenzi kiko wapi? Gari ndilo kitenzi. Ungesikia "mabibi na mabwana, gari hili linaelekea Lights na nauli yake ni shilingi hamsini", ungeshuka mbio ukidhani umepanda gari la utapeli. Na mvua ikianza kudondoka, makanga habadilishi sentensi hata kidogo. Finje inageuka soo, basi, mambo mengine yote yako vilevile. Hiyo bei ndiyo inaniuma, sarufi haina makosa.

Tena tunaishi kwenye mji ambao hata majina ya steji yamebanwa. Mwembe Tayari. Mwembe Kuku. Saba Saba. Hakuna WA, hakuna NI, hakuna aliyelalamika. Ingia dukani, juu ya mizani ya muuza duka kuna ubao wenye vumbi: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. NI mbili zimetolewa hapo, na methali imebaki imesimama wima kama mnara wa msikiti. Ingizia NI zako uone. "Kukopa ni harusi, kulipa ni matanga." Imekuwa ripoti ya kamati.

Kampuni kubwa zilikiona kitu hiki mapema. Mwaka 2017 Safaricom walitoka na kauli yao: Twaweza. Wasee wa Nairobi wakaona ni kitu kipya, kizito, cha kishairi. Kuze watu walishangaa tu. Hiyo si ni Bibi akifungua chupa ya achari iliyokwama? TUNAWEZA herufi 8, TWAWEZA 7. Hao jamaa wamekuwa wakikata tangu zamani. Sambaza. Lipa na M-Pesa. Fuliza, hii ni ya 2019. Kitenzi kitupu, hakina nguo, hakina tafadhali. Na hakina NI ya wengi mwishoni. Hawasemi sambazeni. Wanasema na wewe, peke yako, simu mkononi, saa tano usiku, huna kitu. Ndiyo maana hata sisi tuliinyoa KARIBUNI. Mwenye njaa hupenda kuitwa yeye.

Ninayoipenda zaidi ni Okoa Jahazi. Kuna mtu kule ofisini aliyejua bahari. Krediti imekwisha, chombo kinazama, okoa. Maneno mawili na unaona tanga linapigwa na kusi. Kisha unakopa soo wanakata ashu, na hapo mimi nasema jahazi limeokolewa ila nahodha ameibiwa viatu. Asilimia 10 kwa krediti ya kumwambia mtu "niko njiani" ni wizi wa mchana.

Tuje kwa kesi ngumu. MBWA KALI.

Umeiona kwa kila geti la Kenya hii, Nyali mpaka Kisumu. Imekuwa nembo ya taifa, bado kuwekwa tu kwenye noti. Herufi 8. Kwa Kiswahili sanifu ni MBWA MKALI, herufi 9. Mwenye geti ameokoa finje na mtu wa Pwani amepata kichomi. Hapa nitasimama upande wa kichomi, na sijali nani ananiita mshamba.

Sababu ni hii. Ile M si pambo. Ni M ya uhai. Mtoto mkali, fisi mkali, mbwa mkali: vitu vinavyopumua vinachukua M. Vitu visivyopumua vya ngeli ya I-ZI vinabaki KALI: pilipili kali, dawa kali, njaa kali. Ukiandika MBWA KALI umemtoa mbwa kwenye hesabu ya wenye roho, umempanga rafu moja na pilipili. Ukimwamini mwenye bango hilo, mbwa wake utamkamulia ndimu umle na muhogo pale Mama Ngina.

Na si ubishi wa ngeli kwa ajili ya ngeli. Upatanisho ndio unaotupa ruhusa ya kukata vingine vyote. Cheki neno ambalo limejaa kwenye kuta na mageti ya nchi hii: HAIUZWI. Herufi 7. Mwingereza atamaliza kopo la rangi kwa jambo hilo hilo. Ndani yake mna hapana, mna kuuza, mna kutendwa, na ile I ndogo katikati inanyoosha kidole: hii, nyumba. Huna haja hata ya kuandika NYUMBA. Kingekuwa kiwanja ungeona HAKIUZWI, gari ungeona HALIUZWI. Hiyo I inafanya kazi ya sentensi nzima. Tukianza kuzitupa hizi herufi ndogo kwa sababu ni ndogo, kesho tutaandika mabango marefu kama hotuba za arusi, na fundi atajenga ghorofa kwa finje zetu. Ndiyo maana watoto wa kisiwa tunachapa Sheng na ngeli zake. Keja langu, luku yangu, kiatu changu. Ukisikia mtu anasema "kiatu yangu" jua ndiyo kwanza ameshuka SGR.

Kata kila kitu. Ila kidole kinachoonyesha, kiache.

Wazee wa barazani, sasa. Hawa watu wana kikao cha kudumu, kahawa tungu na dhumna, na ajenda ni moja miaka nenda miaka rudi: vijana wameua Kiswahili. Matatu zimeua Kiswahili. Stika za tuktuk zimeua Kiswahili. Mmoja wao juzi alitupigia hotuba ya robo saa kwamba maneno yasiyo na kitenzi ni uhuni, kisha akageuka kwa muuza kahawa akanguruma: "Kahawa mbili!" Mzee, kitenzi kiko wapi? Na kama ni mbili, mbili nini, vikombe? Si ni viwili? Kimya. Dhumna zikapigwa mezani kwa nguvu zaidi.

Ukitaka kuwamaliza kabisa, wapeleke Biashara Street.

Pale kuna duka la leso la Kaderdina Hajee Essak, lipo tangu 1887, watu wanalijua kwa Mali ya Abdulla. Tanzania wanasema kanga, sisi ni leso, neno tulilobaki nalo baada ya Wareno kurudi kwao. Na huyo Abdulla, yaani Kaderdina mwenyewe, ndiye anayetajwa kuwa alianza kutia maneno kwenye leso, mwanzoni mwa karne iliyopita, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Leso ina pindo pembeni, ina mji katikati, na juu ya pindo la chini kuna ule mstari. Tunauita jina. Leso ina jina kama mtu. Wanawake wa mji huu hawaulizi imeandikwaje, wanauliza yaitwaje. Yaitwaje! Sikia A hiyo.

Soma majina. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. MGENI NJOO MWENYEJI APONE. HASIDI HANA SABABU. Nani anasema? Anamwambia nani? Pindo halisemi, maana nafasi ni ya mstari mmoja tu, na mwili ulioivaa unamalizia. Nilishuhudia mwenyewe nikiwa mdogo. Khalati yangu alikuwa na neno na jirani. Hakutukana, hakugonga mlango. Alijifunga HASIDI HANA SABABU, akaliweka jina sawasawa nyuma pale linaposomeka, akapita ile ndia nyembamba mara tatu kwenda kununua mkate mmoja. Mara tatu! Mkate mmoja! Jirani akafunga madirisha. Jioni alipoulizwa akasema: "Si leso tu hii? Nimeikuta dukani." Herufi 16. Kwa bei ya fundi wetu ni 800, na hakuna wakili wa bei hiyo atakayekupa kazi safi namna ile.

Wiki iliyopita niko Makadara, tuktuk ikanipita, nyuma ina stika ya njano: HASIDI HANA SABABU. Maneno yaleyale, herufi zilezile 16. Dere ni chali wa miaka ishirini hivi, miwani ya jua saa moja usiku. Amejifunga leso ya khalati yangu, ila yake ina magurudumu matatu. Na mzee wa dhumna anayeita hiyo stika uhuni analala juu ya leso yenye maneno hayohayo. Mke wake ananijua, simtaji.

Serikali nayo ilijaribu kutunyamazisha. Waziri wa uchukuzi Michuki na sheria zake za Februari 2004: matatu zote mstari wa njano, michoro na maneno futa. Magari yakawa yanafanana kama sare za shule. Ulikuwa ukisimama barabarani husomi kitu ila jina la mwisho wa safari. Maneno yalirudi, polepole, kwanza kioo cha nyuma, kisha ubavuni. Leso nazo wakati huo wote zilikuwa zinapita zimeandikwa vilevile, na hakuna askari wa trafiki aliyethubutu kusimamisha hata moja.

Kuna ukataji mwingine, wa simu, ila tusiongee sana kuhusu "xaxa". Ujumbe wa simu una herufi 160, krediti ilikuwa inauma, tukaandika m2, w2, k2, "c2po wote". Tulikata hadi mfupa. Ilikuwa na maana wakati ule. Leo una bando la intaneti na bado unamtumia dem wa watu "xaxa mrembo"? Hapana. Futa.

Aibu kubwa ya siku hizi ni nyingine. Mikahawa mipya yenye ukuta wa taa za neoni, maneno ya Kiingereza ya mviringo, vibes hivi, dreams vile, kona ya kupigia picha, kahawa moja bei ya sahani ya biriani na ndizi yake. Ndani ya Mji wa Kale! Umezungukwa na milango iliyochongwa, umekaa kwa mji unaotajwa kuanza kuandika leso, na unanunua sentensi iliyokuja kwa kontena. Halafu haina ukali. Haimsemi mtu. Hakuna jirani atakayefunga dirisha.

Na mtu wa maneno mengi amekuwepo hapa muda mrefu. Nenda Ngomeni, hiyo Fort Jesus, angalia juu ya lango. Mwaka 1635 kapteni wa Kireno, Francisco de Seixas de Cabreira, alichongesha wasifu wake kwenye jiwe: nina miaka 27, nimeijenga upya ngome, nimewatia adabu watu wa pwani hii, na orodha inaendelea. Bio ya Insta iliyokosa mhariri. Kwa finje ya herufi angeuza jahazi. Mwaka 1698 Waomani wakaichukua ngome. Jiwe liko palepale linajisifu.

Bango la binamu lilikamilika Alhamisi. TWAUZA VIAZI KARAI VITAMU KARIBU. Herufi 28, 1,400, kivuli chekundu kama alivyotaka. V za fundi zina mkia unaopinda kama omo ya jahazi, nimezisogelea nikaona hata alama za nywele za brashi. Safi. Viazi viliisha saa mbili usiku na ukwaju ukaisha kabla ya viazi.

Fundi alikuwa anaosha brashi kwa mafuta ya taa Bibi aliposhuka mwenyewe, ngazi zote zile, buibui begani. Kuna madalali wa nyumba waliomfuata mara tatu mwaka huu. Wanakuja na tai, wanakuja na soda, wanamwita mama, wanaitazama nyumba alimozaliwa mama yangu wakiwa wanahesabu vyumba kwa macho. Mara ya mwisho walimkuta peke yake. Sisi hatukuwepo, na hilo bado linanichoma.

Akaonyesha ukuta kando ya mlango wake. "Hapa niandikie haiuzwi."

Herufi 7. 350. Binamu akazitoa kwa zile tulizookoa. Fundi akapiga mstari wa chaki, akaanza na H, na Bibi akasimama nyuma yake mpaka I ya mwisho ikakauka.

"Niongeze NYUMBA HII juu yake, Bi? Nafasi ipo. Sitalipisha."

Bibi akaisoma tena, pole pole, kidole hewani.

"Yatosha."